Nyangumi wa Barafuni na Bati la Mjomba

Hapa Korogwe hatuna nyangumi. Mto wetu, ambao wenyeji huuita Ruvu na ramani huuita Pangani, una kambale na mamba, na mnyama wa majini mkubwa kuliko hao mimi sijamwona. Hata hivyo leo nataka kuwaeleza habari za nyangumi wa mbali kabisa, kule kaskazini ya dunia ambako bahari huganda ikawa barafu, kwa maana habari zao zatuhusu sisi tunaolima mahindi na kulea watoto wachanga. Naomba mnivumilie hapo mwanzo, maana njia ni ndefu kutoka kule mpaka jikoni kwetu.

Walionianzisha ni watoto wa mafundisho. Tulipofika kwa nabii Yona, mmoja akauliza kama nyangumi ni samaki. Nikamwambia kwanza kwamba Maandiko yasema samaki mkubwa tu, na kwamba nyangumi si samaki hata kidogo: avuta hewa kama sisi, azaa mtoto mmoja kwa mara moja, na mtoto huyo humnyonyesha maziwa. Wakacheka sana kusikia mnyama wa baharini ana maziwa. Mimi nikaenda kusoma zaidi ili nisije nikaulizwa tena nikanyamaza. Ualimu niliusomea chuoni, na ingawa sasa ni karani wa parokia, ugonjwa wa kutaka kueleza mambo haujaniacha.

Basi, katika bahari za kaskazini ya Kanada, Greenland na Urusi wakaa nyangumi weupe waitwao beluga. Dume aliyekomaa hufika meta 4 au 5, na uzito wake hupita tani moja. Chini ya ngozi ana tabaka nene la mafuta, nalo ndilo blanketi lake katika maji yale ya baridi. Wenyeji wa nchi hizo, yaani Wainuit, wamemwinda tangu kale. Ngozi na mafuta yake ni chakula chao cha heshima, kama vile kwetu hakuna ngonjera wala harusi pasipo wali. Huko hapalimwi kitu, ardhi imeganda. Viwanda ni vichache, miji ni midogo, na mtu akisimama nje huona weupe mpaka mwisho wa macho. Ukiambiwa utaje mahali safi kuliko pote duniani, pengine ungetaja huko.

Ndivyo alivyodhani pia mtaalamu mmoja wa afya wa Québec, Kanada, jina lake Éric Dewailly. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akipima maziwa ya akina mama wa miji ya kusini ili aone kama yana mabaki ya madawa ya viwandani. Akatafuta maziwa ya kulinganishia, maziwa safi ya watu wasiokaa karibu na kiwanda chochote, akapata ya akina mama Wainuit wa Nunavik, kaskazini kabisa ya Québec. Majibu yalipotoka yalikuwa kinyume kabisa. Maziwa ya akina mama wa barafuni yalikuwa na kemikali iitwayo PCB kiasi cha mara tano kuliko ya akina mama wa mijini.

PCB ni mafuta yaliyotengenezwa na watu. Yalianza kufanyizwa kwa biashara huko Marekani mwaka 1929, yakapendwa kwa sababu hayashiki moto upesi wala hayaharibiki. Yalitiwa katika transfoma za umeme, katika rangi, katika vitu chungu nzima. Dunia nzima ilitengeneza zaidi ya tani 1,000,000. (Yule anayeiba mafuta ya transfoma ili auze ya kukaangia, naye asikie: katika transfoma za zamani huenda ndiyo haya haya.) Lakini hakuna mama wa Nunavik aliyeyanunua. Yalimfikiaje?

Tazameni chungu kilichofunikwa. Maji yakichemka, mvuke hupanda, hukutana na kifuniko kilicho baridi zaidi, hugeuka matone tena. Dunia nayo ni hivyo. Kemikali za namna hii zikimwagwa katika nchi zenye joto, sehemu yake huruka pamoja na hewa, na upepo huzichukua. Zikifika penye ubaridi hushuka. Pakipata joto huruka tena, zikashuka mbele zaidi. Kidogo kidogo husogea mpaka zifike kule ambako joto halitoshi kuzinyanyua tena. Nchi za barafu ndizo kifuniko cha chungu chetu. Mikondo ya bahari nayo huchukua sehemu yake.

Zikishaingia majini ni chache mno, huwezi kuziona wala kuzionja. Shida ni tabia zake mbili. Ya kwanza, hazipendi maji bali mafuta. Zikimwingia kiumbe hukimbilia kwenye mafuta yake zikakaa. Ya pili, mwili hauwezi kuzivunja ili uzitoe, au huzitoa kwa taratibu sana. Hapo ndipo hesabu inapoanza, na mimi nitaieleza kwa hesabu ninayoifanya kila Jumatatu. Katika jumuiya ndogo kila nyumba hutoa sarafu chache. Jumuiya zikikusanya, kigango huwa na bahasha. Vigango vikileta, meza yangu ya parokia huwa na fedha ya kuhesabiwa na watu wawili. Hakuna nyumba iliyotoa nyingi. Vivyo hivyo mmea mdogo wa bahari una chembe yake, kijidudu hula mimea mingi, samaki mdogo hula vijidudu vingi, samaki mkubwa hula wadogo, na beluga hula samaki miaka 30, 40 na kuendelea. Tofauti ni kwamba fedha ya parokia hutoka kwa matumizi, tena upesi, lakini mzigo wa beluga hautoki.

Au tuseme hutoka kwa njia moja tu, nayo ndiyo iliyonifanya niache kusoma kwa siku mbili. Dume huzidi kukusanya mpaka afe. Jike mzigo wake hupungua anapozaa, kwa sababu maziwa ya nyangumi yamejaa mafuta, na mafuta yale huchukua sumu na kumpa mtoto. Mtoto wa kwanza ndiye apataye sehemu kubwa, kwa kuwa mama alikuwa amekusanya miaka yote ya ujana wake. Wanaofuata hupata pungufu.

Mwaka 2007 nyangumi mmoja wa buluu, dume, aligongwa na meli karibu na Santa Barbara huko California, akafa. Katika sikio lake wataalamu walikuta nta iliyojikusanya tangu kuzaliwa, urefu wake sentimeta 25 hivi. Nta ile ina tabaka, moja nyeupe na moja nyeusi, kama pete za mti uliokatwa, na kila tabaka ni kama miezi sita ya maisha. Walizihesabu wakaona aliishi miaka 12. Kisha wakapima kila tabaka peke yake. Habari ilitangazwa mwaka 2013: karibu sehemu moja katika tano ya mabaki ya dawa za wadudu na kemikali nyingine za namna hiyo aliyapata mwanzo kabisa wa maisha, kutoka kwa mama yake, kabla hajakamata chakula chake mwenyewe.

Mimi kazi yangu ni madaftari, kwa hiyo jambo hili lilinigusa kwa namna yake. Kabatini tuna vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya maziko. Mtu akisoma ukurasa mmoja hajui kitu. Akisoma miaka 40 kwa mfululizo, ataona njaa ilipopita, ataona surua, ataona mwaka ambao watoto wengi waliandikwa mara ya pili katika kitabu kisicho cha furaha, ataona vijana walipoanza kwenda mjini. Hakuna karani aliyeandika, "Mwaka huu kuna surua." Ni mistari yenyewe iliyosema.

Huko kaskazini nako wanafanya daftari. Wainuit wakipata beluga, wawindaji hukata kipande cha mafuta na kipande cha ini wakawapa wapimaji, pamoja na jino ili ijulikane umri. Vipande vingine hugandishwa na kuhifadhiwa miaka mingi, hata ikizuka kemikali mpya ambayo zamani hakuna aliyeifikiria, huvitoa vile vya zamani wakavipima upya. Kwa njia hiyo wanajua yaliyotokea. Marekani ilizuia DDT mwaka 1972, na PCB mwaka 1979. Nchi nyingine zilifanya vivyo hivyo miaka ile ile. Na kweli, mafuta ya wanyama wengi wa kaskazini yakaanza kuonyesha upungufu. Hata damu ya Wainuit wenyewe imeonyesha kushuka tangu miaka ya 1990. Yaani amri iliyotiwa sahihi mezani ilifika mpaka kwenye mafuta ya mnyama aliye chini ya barafu. Nalitaja hili kwa sababu watu wengi hudhani amri za serikali juu ya madawa ni maneno ya karatasi tu.

Lakini upungufu ule ni wa konokono. PCB ilizuiwa kabla mimi sijazaliwa, nami sasa nina watoto, na bado imo. Mwaka 2018 wataalamu waliandika kwamba nyangumi wauaji, walao wanyama wengine wa bahari, wako katika hatari kwa ajili ya PCB, hata zaidi ya nusu ya makundi yao duniani huenda yakapungua sana katika miaka 100 ijayo. Tena zile za zamani zilipokuwa zikishuka, mpya zilikuwa zikipanda: kemikali zinazotiwa katika magodoro na viti visishike moto upesi, na zile za makoti yasiyopenya maji na vikaango visivyogandisha chakula. Nazo baadhi zimekwisha kuzuiwa, zikaanza kushuka kwa zamu yao. Daftari la beluga halijafungwa.

Sasa turudi kwetu.

DDT iligunduliwa kuwa dawa ya wadudu mwaka 1939 na Paul Müller wa Uswisi, naye mwaka 1948 alipewa tuzo ya Nobel kwa ajili hiyo. Si haki kuizungumza kana kwamba ilikuwa uchawi. Iliokoa watu wengi. Hapa jirani yetu, Upare mpaka Taveta, tangu mwaka 1955 mpaka 1959 nyumba zilipulizwa dawa ya ukoo ule ule, iitwayo dieldrini, katika kazi kubwa ya kupigana na malaria. Mbu walipungua sana, malaria ikashuka, vifo vya watoto wachanga vikapungua. Upulizaji ulipokoma, malaria ikarudi pole pole. Mtu aliyezika mtoto kwa homa hawezi kuambiwa kwamba dawa ile ilikuwa mbaya tu.

Mkataba wa Stockholm uliopatanwa mwezi Mei mwaka 2001, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, ulitaja kwanza kemikali 12 za namna hii. Dieldrini imo, PCB imo. DDT imo pia, lakini iliachiwa mlango mmoja: nchi yenye haja yaweza kuitumia kuua mbu na wadudu wengine waletao magonjwa, chini ya uangalizi. Shambani hairuhusiwi, na katika chakula ndiyo kabisa.

Je, sisi tumechafuka kiasi gani? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Ubelgiji walichota tope la mto Pangani sehemu mbalimbali za bonde lake, wakatangaza matokeo mwaka 2013. Mabaki ya DDT yalikuwamo. Mto huu watoka Kilimanjaro na Meru, wapita penye kahawa na miwa, wapita kwetu penye mkonge, washuka Hale mpaka baharini. Kila mwenye shamba huuchangia. Huko baharini Tanga yuko silikanti, yule samaki wa kale ambaye dunia ilidhani alikwisha zamani za kale, na ambaye mwaka 2009 alitengewa hifadhi yake. Ndugu zake wa Komoro walipimwa, habari ikaandikwa mwaka 1991: ingawa hukaa kwenye vilindi vyenye giza, mafuta yao yalikuwa na DDT na PCB.

Unguja wamepimwa pomboo, ambao ni jamaa ya nyangumi. Hao hawakuwindwa kwa ajili ya kupimwa. Walinaswa kwa bahati mbaya katika nyavu za wavuvi huko ghuba ya Menai, upande wa Kizimkazi, na matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Hapa ndugu wasomaji tupumue kidogo. Kemikali za viwandani kama PCB zilikuwa chembe tu. Dawa za wadudu zilikuwapo, ila pungufu kuliko katika pomboo wa sehemu nyingine za dunia. Na ile DDT ilionyesha kuwa ya zamani, iliyokwisha kuanza kugeuka, wala si iliyomwagwa jana. Kilichokuwa kingi kuliko vyote kilifikiriwa kuwa kinatengenezwa na viumbe wa bahari wenyewe, bila mkono wa mtu. Lakini palikuwa na dalili pia kwamba dawa moja, lindani, ilikuwa imetumika karibuni. Nayo mwaka 2009 iliongezwa katika orodha ya Stockholm.

Kwa hiyo bahari yetu haijafika walipofika wenzetu. Mimi naona hiyo ni nafasi. Waliochafua kwanza sasa wanasubiri miaka 50 ili mafuta ya nyangumi yasafike. Sisi bado tunao uwezo wa kutoanza. Ila hatuanzi tukiwa wasafi kabisa, maana vitu vilivyoletwa zamani bado vipo. Mwaka 1986 Ugiriki ililetea nchi yetu msaada wa dawa za wadudu, nyingine zimekwisha muda wake. Ziliwekwa katika shamba la Vikuge, Kibaha, katika banda ambalo baadaye liliporomoka, mvua ikazinyeshea. Wataalamu waliopima udongo wa pale miaka mingi baadaye waliukuta umejaa sumu. Msaada nao huangaliwa mdomo.

Vikuge ni ghala kubwa, lilijulikana. Vijighala vyetu vya nyumbani havijulikani na mtu.

Ndugu wa mama yangu akaa kijijini upande wa Handeni. Mwaka jana, baada ya mavuno, nilikwenda kumsalimu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Karani, umekonda, vitabu vinakula?"

Nilimkuta akipukuchua mahindi. Kando yake palikuwa na bati la zamani lenye kutu, na ndani unga mweupe, umebaki kama robo. Karatasi ya bati imekwisha kuliwa na mende, zimebaki herufi mbili tatu na nusu ya picha ya fuvu la kichwa. Alikuwa akiuchota kwa kijiko na kunyunyizia mahindi kabla ya kuyapandisha darini.

"Mjomba, hii ni dawa gani?"

"Ya enzi za pamba. Hii ndiyo dawa ya kweli. Hizi mnazouziwa siku hizi, dumuzi wanazioga."

Sikuweza kujua kwa macho kama ni DDT au nyingine, wala mtu yeyote hawezi. Lakini unga uliokaa miaka yote hiyo bila kupoteza nguvu wajitaja wenyewe ni wa ukoo gani. Nikakaa chini tukaongea. Nikamweleza habari ya nyangumi, na ya chungu na kifuniko, na ya bahasha za vigango. Alinisikiliza kwa adabu yote. Kisha akasema, "Mpwa wangu, mimi nikiwa mtoto tulikaa Upare, baba akifanya kazi katika mkonge. Walikuja watu wenye mabomba mgongoni wakapuliza nyumba. Mwaka ule mama hakuzika mtoto. Kabla ya hapo alizika wawili. Wewe waniambia habari za samaki."

Nilinyamaza. Ningemjibu nini? Neno lake lilikuwa kweli tupu. Nikamwambia hivi: "Mjomba, ile walipuliza ukutani, mbu akaguse afe. Hii waitia katika unga wa wajukuu. Dawa ya ukutani na dawa ya chunguni si moja, hata kama bati ni moja." Hapo akaacha kijiko.

Aliyeshtuka zaidi ni shemeji yangu, mke wa mwanawe, aliyekuwa kizingitini ananyonyesha mtoto wa miezi mitatu. Alikuwa amesikia yote, na hasa habari ya mtoto wa kwanza wa nyangumi. Na huyo aliye kifuani mwake ni wa kwanza. Akauliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, basi nimwachishe ziwa?"

Naandika makala hii hasa kwa ajili ya swali hili, kwa sababu najua liko katika nyumba nyingi kila habari kama hizi zinapotangazwa redioni. Jibu ni hapana, hapana kabisa. Kule Nunavik kwenyewe, baada ya vipimo vile vya kutisha, wakuu wa afya waliwahimiza akina mama waendelee kunyonyesha, kwa maana faida ya ziwa la mama ni kubwa kuliko hatari ile. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto apate maziwa ya mama peke yake miezi 6, kisha aendelee pamoja na chakula kingine mpaka miaka 2 na zaidi. Mtoto wa kijijini akiachishwa, atapewa nini? Uji mwepesi na maji ya kisima. Kuhara kutamwua kabla DDT haijamwona. Nikamwambia shemeji, "Mnyonyeshe. Kinachopasa kukatwa ni kile kijiko cha mjomba, ziwa liache." Akacheka kidogo, akamgeuzia mtoto upande wa pili.

Mahindi yale yaliyokwisha kunyunyiziwa yalikuwa debe tatu. Yalileta ubishi mrefu kuliko mambo yote, maana kutupa chakula si jambo dogo, na shangazi, mke wa mjomba, alisema angeyaosha tu. Lakini kama nilivyoeleza, vitu hivi havipendi maji. Kuosha hakuviondoi vyote. Kuwapa kuku si dawa, kwa kuwa vitarudi katika yai. Mwishowe yakatiwa katika gunia la peke yake, likafungwa na kuwekwa pamoja na lile bati. Mahindi mengine tuliyaanika vizuri, tukayapepeta, na niliporudi Korogwe nikampelekea mifuko ile isiyopitisha hewa. Ukiifunga sawasawa, dumuzi hukosa pumzi akafa mwenyewe, bila unga wowote. Bei yake yauma, lakini mfuko hutumika zaidi ya msimu mmoja usipotobolewa na panya.

Bati lenyewe tuliliweka ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, tukiwa tumefunga mikono kwa mifuko, na ndoo ikaingia stoo ndogo yenye kufuli, mbali na jiko na kisima. Mjomba alitaka kulichoma. Nikamwomba asilichome, maana moshi wake ni sumu nyingine. Wala asilizike, maana mvua italifuata. Wala asilitupe mtoni, maana huko ndiko njia ya Pangani. Nikaenda kumwona bwana shamba. Alikuwa mtu mwema, alisema maneno yale yale, akaandika jina la kijiji na la mwenye bati, akasema dawa za namna hii hukusanywa na wenye ujuzi, na kwamba wataarifiwa.

Huo sasa ni mwaka. Nimefuata ofisi mara tatu, na kila mara jina la mjomba limo katika daftari. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Mjomba hunipigia simu kila mwezi. Baada ya salamu huuliza, "Karani, wageni wa bati wanakuja lini?" Kisha huniambia kwamba mahindi ya mfuko hayana harufu aliyoizoea, ila dumuzi hajamwona, na kwamba mtoto ameanza kutambaa, ndiyo sababu ufunguo wa stoo ameuhamisha kutoka msumarini akaufunga katika ncha ya shuka yake.